Uzi: Caroll Spinney, mtu wa ndani ya yule ndege wa manjano, na kwa nini Nairobi hatuzeeki na papeti zetu

Fundi_Sponji:

Wadau, hamjambo. Uzi ni mrefu. Kama uko kwenye matatu na simu inakaribia kuzima, weka alama urudi jioni.

Hapa Nairobi nikisema kazi yangu ni kuchezesha vikaragosi, maswali huwa mawili tu. "Ile ya XYZ?" halafu "Na inalipa?" La kwanza silalamiki. Tangu XYZ Show, kipindi cha TV cha mchora katuni Gado, kianze 2009, Mkenya anajua kikaragosi ni mwanasiasa wa mpira mwenye pua kubwa. La pili ndilo lililonileta hapa. Nina kijana ninayemfundisha, mkono wake mwepesi kuliko wangu, na juzi ameniambia ataacha kwa sababu wale wa Marekani wana kipaji, sisi tunabahatisha. Nimekataa. Nitawapa habari za mmoja wao, halafu mniambie kama ni kipaji tu.

Caroll Spinney, aliyemchezesha ndege Big Bird kwenye Sesame Street, kipindi cha TV cha watoto cha Marekani, alizaliwa Waltham, Massachusetts, tarehe 26 Desemba 1933. Alikuwa mdogo wa umbo, jina lake wenzake waliliona la kike, na juu ya hayo alipenda vikaragosi, kwa hivyo mnaweza kukisia shuleni aliishi vipi. Akiwa na miaka minane hivi alinunua kikaragosi cha nyani kwa senti tano, akakiongezea nyoka wa kitambaa, akaita watoto wa mtaa na kuwatoza senti mbili kila kichwa. Alipata senti 32. Yaani watazamaji 16, na wote wamelipa! Nairobi hii kuna maonyesho ya vikaragosi yenye mabango ya kupendeza ambayo hayafikishi 16 wa kulipa, ukitoa jamaa za wasanii.

Mamake hakumkemea. Alimtengenezea seti nzima ya vikaragosi vya Punch na Judy, ule mchezo wa zamani wa Kiingereza. Wazazi mnaowanyang'anya watoto soksi, someni hapo mara mbili.

Alipokuwa mwanajeshi wa anga, miaka ya 1950, alipata kipindi cha televisheni huko Las Vegas. Baadaye akarudi Boston na miaka ya 1960 akawa kwenye kipindi cha watoto cha Bozo, ndani ya mavazi ya wanyama, mara simba, mara mnyama mwingine. Kazi ya kutafuta unga.

Halafu 1969, Salt Lake City, tamasha la wachezesha vikaragosi. Spinney ameandaa kitu kipya: vikaragosi mbele, katuni zikionyeshwa kwa projekta nyuma, vyote viende sambamba. Taa kubwa ya jukwaani ikaimulika skrini na picha zikapotea. Akawa anacheza na katuni asiyoiona, mbele ya watu wa fani yake mwenyewe. Onyesho likaharibika. Alipokuwa nyuma ya pazia akaja Jim Henson, yule aliyebuni vikaragosi vya Muppets, akamwambia amependa kile alichokuwa anajaribu kufanya. Wenye kazi zetu tunajua thamani ya mtu anayeona jaribio badala ya ajali. Sesame Street ilikwenda hewani tarehe 10 Novemba mwaka uo huo, Spinney akiwa na wahusika wawili: Big Bird, ndege mkubwa wa manjano, na Oscar, yule mwenye hasira anayeishi kwenye pipa la taka. Sauti ya Oscar aliichukua kwa dereva wa teksi wa Bronx, aliyembeba asubuhi ya siku aliyotakiwa kuonyesha sauti hiyo. Angekuwa wa hapa angeichukua kwa makanga wa matatu namba 58.

Big Bird ndiye ninayetaka mwelewe anavyochezeshwa. Ana urefu wa karibu mita mbili na nusu. Mtu yuko ndani mzima, na miguu yake ndiyo miguu ya ndege. Mkono wa kulia umeinuliwa, umepita shingoni hadi kichwani mwa ndege: gumba chini, vidole juu, huo ndio mdomo. Kidole cha mwisho kinavuta kiwaya cha kuchezesha macho. Kichwa chenyewe ni kama kilo mbili. Sasa simama, nyoosha mkono juu, shika pakiti ya unga wa ugali ya kilo mbili, uimbe dakika tatu huku unatabasamu kwa sauti. Nasubiri.

Mkono wa kushoto uko ndani ya bawa la kushoto. Bawa la kulia halina mkono. Limejazwa tu, na linaning'inia kwa uzi wa kuvulia samaki uliopitishwa chini ya shingo hadi kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. La kushoto likishuka, la kulia linapanda. Tazameni tena video za zamani, mtaona. Na nje haoni. Kifuani amefungiwa kitelevisheni kidogo kinachomwonyesha picha ya kamera, na karatasi za maneno yake amezibandika humo humo ndani. Kwa nje ni manyoya kama 4,000 ya bata mzinga yaliyotiwa rangi. Joto lake mtaliwaza wenyewe.

Ila mwanzoni ndege huyo aliandikwa kama mshamba mjingamjinga wa kuchekwa. Spinney ndiye aliyesema afadhali awe mtoto: mkubwa wa mwili, wa miaka sita hivi kwa akili, anayekosea herufi na kuuliza kwa nini. Mimi naona huo ndio uamuzi mkubwa wa maisha yake ya kazi. Mshamba angechekwa misimu miwili akaisha.

Tuje kwenye kulipa. Mwanzoni pesa zilikuwa kidogo, na Spinney alitaka kuacha. Kermit Love, fundi aliyemtengeneza ndege (na hapana, yule chura Kermit wa Muppets hakupewa jina lake), akamwambia avumilie mwezi mmoja zaidi. Novemba 1970 Big Bird akatokea kwenye jalada la jarida la Time. Spinney akabaki. Mwaka 2015 mwili ulipokataa akaacha kumvaa, akaendelea na sauti hadi alipostaafu Oktoba 2018. Alifariki tarehe 8 Desemba 2019, akiwa na miaka 85. Na Matt Vogel aliyemrithi hakuokotwa wiki ile. Alikuwa akijifunza chini yake tangu miaka ya 1990. Miaka ishirini ya kuwa msaidizi wa ndege mmoja!

Hoja yangu ndiyo hiyo. Mimi nimechezesha mbuzi, daktari, mbu wa malaria na tone la maji safi, na hakuna aliyefika mwaka wa pili. Mradi ukiisha kikaragosi kinaingia stoo. Mara ya mwisho kumwona yule mbuzi, panya walikuwa wameshamtoa sikio. Hicho kipaji kikomae wapi? Semeni.

Kibandaski_58:

Mzee nimeshika unga. Sikumaliza hata beti la kwanza, mkono umekufa ganzi, na mke wangu anauliza kama nimeokoka.

Swali: kama haoni nje, mbona hawagongi watoto?

Fundi_Sponji:

Pole, na mama watoto nisalimie.

Anategemea ile skrini ya kifuani, na taabu yake ni kwamba haigeuzi picha kama kioo. Ukisogea kulia, kwenye skrini unajiona ukienda upande mwingine. Mwambie mtu akurekodi na picha iende moja kwa moja kwenye TV, kisha jaribu kuchukua kikombe mezani ukiangalia TV peke yake. Utashika hewa. Kijana mpya humchukua muda mrefu sana kuacha kushika hewa, na ndiyo maana nasema huwezi kuanza upya kila mradi na watu wapya.

Mzee_Kaloleni:

Fundi, umeandika vizuri, lakini usiruke waliokutangulia mjini humu. Miaka ya 1990 kulikuwa na CHAPS, kikundi cha wachezesha vikaragosi wa afya ya jamii. Walizunguka masokoni na mashuleni na vikaragosi vyao kuzungumzia ukimwi, wakati ambapo mchungaji alikuwa anakohoa badala ya kulitaja jina. Mtu mzima akisimama sokoni aseme "kondomu", anatafutiwa mawe. Kikaragosi kikisema, watu wanacheka, halafu anajitokeza mmoja anauliza swali la kweli. Kikaragosi hakina mamake wa kutukanwa.

Hata XYZ inakula kwa mlango huo huo.

Fundi_Sponji:

Kweli tupu, mzee wangu. Baadhi yetu tulifundishwa na waliofundishwa na hao. Ila ona jambo moja: ile ilikuwa kazi ya afya, na XYZ ni siasa. Mtoto wa miaka minne wa Nairobi amewahi kupewa kikaragosi cha kwake, kinachoongea Kiswahili chake, kinachokuja kila jioni mpaka aende shule? Ndicho ninachokililia.

Mtoto_wa_Tandika:

Shikamoo mzee Kaloleni. Shikamoo Fundi. Mimi Mbongo, niko hapa South B kikazi.

Mkuu, nusu ya hoja yako naipinga. Unaongea kana kwamba Sesame Street ilikuwa duka la mtu lililojiendesha lenyewe. Nayo ilianza kwa hela za wafadhili. Waanzilishi wake, Joan Ganz Cooney na Lloyd Morrisett, walikusanya dola milioni 8 kwa miaka miwili ya mwanzo, kutoka mashirika ya Carnegie na Ford na serikali ya Marekani. Kwa hiyo ubaya hauko kwenye neno "mradi". Na hao hao wamefika kwetu. Tanzania tulikuwa na Kilimani Sesame. Afrika Kusini wana Takalani Sesame, na 2002 wakamwingiza Kami, kikaragosi cha msichana anayeishi na virusi vya ukimwi, akacheza na wenzake kama mtoto mwingine yeyote. Yule hakuja kuhutubia wiki mbili akaondoka.

Sasa mbona huko mradi ukazaa mtu wa miaka 49 kazini na hapa unazaa mbuzi asiye na sikio?

Fundi_Sponji:

Mbongo umenibana vizuri. Jibu langu: angalia zile milioni 8 zilinunua nini.

Msimu wa kwanza ulikuwa vipindi 130, kila kimoja saa nzima. Kabla ya hapo, Julai 1969, walirekodi vipindi vya majaribio na kuwaonyesha watoto, watafiti wakiwa wamekaa pembeni kuandika ni wakati gani mtoto anatazama na wakati gani anageuza macho. Wakagundua kitu cha aibu. Vikaragosi vikitokea, watoto wamekodoa. Ikirudi sehemu ya mtaani yenye watu wazima peke yao, watoto wanacheza na viatu vyao. Kumbe wanasaikolojia walikuwa wameshauri vikaragosi visichanganywe na watu halisi, eti watoto watachanganyikiwa. Wakauweka ushauri huo kando, na hapo ndipo ndege na yule wa pipani walipoletwa mtaani. Spinney alipata kazi kwa sababu kuna mtu aliyelipwa kuangalia watoto wakichoka!

Hapa fomu ya ripoti inaniuliza nimefikia watoto wangapi. Naandika namba. Hakuna safu ya kuandika walianza kuvutana nywele dakika ya ngapi. Kwa hivyo tone la maji linahutubia dakika kumi na mbili, picha zinapigwa, na mwaka ujao anakuja mtu mwingine na wazo la samaki.

Mwalimu_Kayole:

Nafundisha PP2, yaani chekechea ya mwisho kabla ya darasa la kwanza, nimefika kwenye uzi huu kwa kutumiwa na dada yangu. Niongeze la darasani.

Mimi sina papeti ya maana. Nina soksi ya kijivu ya mume wangu, vifungo viwili vya shati, na ulimi wa kitambaa chekundu. Wanafunzi wanamwita Kadogo. Muhula mmoja tulikuwa na mtoto aliyefiwa na baba, na kila aliyemuuliza baba yuko wapi alijibiwa na watu wazima "amesafiri". Kwangu hakusema neno. Kwa Kadogo alikuja wakati wa uji, akashika uzi uliokuwa umechomoka kwenye soksi, akawa anauvuta kidogokidogo huku anamuuliza, "Wewe baba yako akisafiri hukuletea nini?" Hakuniangalia usoni hata mara moja. Alikuwa anaongea na vile vifungo.

Sasa hiyo habari ya Bwana Hooper, Fundi, ungeisimulia ndiyo wazazi wasome.

Fundi_Sponji:

Mwalimu, nilikuwa nimeihifadhi. Haya.

Bwana Hooper alikuwa mwenye duka pale mtaani Sesame. Mwigizaji wake, Will Lee, alifariki Desemba 1982. Wenye kipindi wangeweza kuweka mwigizaji mwingine, au kusema mzee amestaafu, kwa lugha yetu "amesafiri". Waliamua kusema amekufa, na wakachagua kukionyesha kipindi hicho tarehe 24 Novemba 1983, sikukuu ya Shukrani, kwa sababu wazazi wangekuwa nyumbani na watoto wao.

Big Bird anakuja na picha alizowachorea rafiki zake wakubwa. Anagawa, kila mtu anafurahia yake, inabaki moja. Ya Bwana Hooper. Anasema atampelekea dukani. Wakubwa wanatazamana. Wanamkumbusha kwamba walishamwambia, Bwana Hooper amekufa. Naye anasema sawa, basi atampa akirudi. Hapo wanalazimika kumweleza kwamba mtu akifa harudi. Ndege anakasirika kama mtoto anavyokasirika: kwa nini iwe hivyo, nipeni sababu moja. Na mtu mzima anabaki kumwambia ni hivyo kwa sababu ni hivyo.

Jambo wengi hawalijui ni kwamba zile picha alizichora Spinney kwa mkono wake, alikuwa mchoraji. Ile ya Bwana Hooper ikatundikwa juu ya kiota cha ndege. Na fikirieni kazi ya mkono hapo. Mdomo wa ndege haubadiliki sura, haukunji uso, hauna machozi. Huzuni yote inatoka kwenye kuinamisha kichwa kidogo, kuchelewa kufumba jicho, na sauti ya mtu aliye gizani anayesoma karatasi iliyobandikwa mbele ya pua yake.

Mei 1990 alipokufa Jim Henson, akiwa na miaka 53 tu, Spinney aliingia kanisani New York akiwa ndani ya Big Bird na kumwimbia rafiki yake. Hiyo video sitaiongelea. Itafuteni.

Data_Bundle:

Nisamehewe na wazee, lakini naona mnalilia zama. Mtoto wangu wa miaka mitatu anajifungulia YouTube mwenyewe. Katuni zimeshinda. Tinga Tinga Tales ya 2010 ilitengenezwa hapa hapa Nairobi na ilikuwa katuni, ikaonyeshwa hadi Uingereza. Tangu 2020 tuna Akili Kids, stesheni nzima ya watoto. Nani atakaa kushona sponji?

Mwalimu_Kayole:

Data_Bundle, katuni haimjibu mtoto. Jaribu leo jioni: vaa soksi, muulize mwanao amekula nini. Halafu rudi utuambie.

Fundi_Sponji:

Mimi katuni sizichukii, nina rafiki zangu wanaokula kwa kuchora. Lakini ukitaka kubadilisha sentensi moja ya katuni unarudi kwenye kompyuta. Kikaragosi mtoto akipiga chafya katikati ya kurekodi, kinamwambia "pole", na hiyo "pole" ndiyo inayobaki kwenye kipindi. Stesheni kuwepo ni heri. Wanunue basi na mikono, si leseni za katuni za nje tu.

Binti_Umoja:

Mimi ni mwanafunzi wa sanaa, nimeanza papeti mwaka jana. Fundi, mbona hukumtaja Kevin Clash? Huyo wa Baltimore, Mmarekani mweusi, alikata bitana ya koti la babake akashona nyani. Baadaye ndiye aliyempa uhai Elmo, yule kikaragosi mwekundu wa Sesame Street, miaka ya 1980, baada ya wengine kumshika na kushindwa. Mimi ndiye aliyenivutia, kwa sababu alifanana na watu wa kwetu na hakuwa na vifaa.

Swali la kazi: mdomo wangu unatafuna maneno. Nikitazama video najiona kama mtu anayekula muwa. Nakosea wapi?

Fundi_Sponji:

Clash ni fundi kwelikweli, na hadithi ya koti ni tamu. Uzi huu ulikuwa wa Spinney kwa ajili ya ile miaka 49.

Mdomo: nina hakika unainua vidole vya juu. Wanaoanza wote hufanya hivyo, na kichwa cha kikaragosi kinakuwa kinafunguka kama kifuniko cha sufuria. Tuliza vidole vya juu, shusha gumba. Taya ya binadamu ndivyo inavyofanya kazi, inashuka chini.

Lingine, usiige moja kwa moja video za Kiingereza. Kiswahili chetu kila silabi karibu inaishia na irabu. "Ninakupenda" ni mara tano. Ukifungua mdomo sawasawa mara zote tano kwa kasi ya mtoto wa Eastlands, lazima utafune. Fungua kidogokidogo ni-na-ku, halafu "pe" uifungue sawasawa, "nda" uimalizie nusu. Mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, gumba lako liujue. Na "mtoto", ile "m" ya mwanzo mdomo umefungwa. Subiri, kisha to, to. Anza na kuhesabu moja hadi kumi mbele ya kioo. "Nne" itakusumbua.

Binti_Umoja:

Nimejaribu "nne" hapa kitandani. Imenisumbua kweli.

Kibandaski_58:

Mimi narudi na udaku. Nimesoma eti Big Bird alikuwa aende angani na ile Challenger iliyolipuka. Ni kweli au ni zile za mtandaoni?

Fundi_Sponji:

Ni kweli kwamba yalikuwepo mazungumzo. NASA walitaka watoto wapende safari za anga, wakamfikiria Spinney na ndege wake. Wazo likafa, mojawapo ya sababu ikiwa mavazi yenyewe: ndege wa mita mbili na nusu haingii kwenye chombo kile. Baadaye akachaguliwa mwalimu, Christa McAuliffe, na tarehe 28 Januari 1986 chombo kikalipuka na wote saba wakafa. Spinney alilisimulia jambo hilo mwenyewe alipozeeka. Tafadhali tusilifanye utani.

Mtoto_wa_Tandika:

Narudi kwenye hela, maana mada inakimbia. Fundi, tuseme kesho mtu anakupa pesa ya misimu mitatu. Ungeanza na nini?

Fundi_Sponji:

Wahusika wawili, si kumi. Mmoja mtoto, mmoja mkorofi. Wachezeshaji wanne, ili kila mhusika awe na mtu na mrithi wake tangu siku ya kwanza, na mikataba yao iwe ya miaka, si ya siku za kurekodi. Kikaragosi kiwe mali ya kipindi chenye mahali pa kukitunza, pasipo na panya. Mtu mmoja wa kukaa na watoto Kayole, Kibera na Kitengela kuangalia wanachoka wapi. Kiswahili cha nyumbani, si cha taarifa ya habari. Vifaa havinitishi. Sponji ya godoro, blanketi za fleece za Gikomba, gundi ya mafundi viatu, mipira ya pingpong kwa macho. Gharama yetu kubwa siku zote ni muda wa watu, na ndiyo ya kwanza kukatwa kwenye bajeti.

Mkono_Mwepesi:

Mimi ndiye huyo kijana. Mwalimu wangu, kwa heshima zote, umeninukuu nusu. Nilisema wana kipaji, ndiyo. Halafu nikasema kodi yangu ni tarehe tano na mara ya mwisho tulilipwa baada ya miezi minne. Hiyo ya pili umeiacha nje ya uzi.

Spinney aliambiwa avumilie mwezi mmoja. Mimi mwezi ningeuvumilia.

Mzee_Kaloleni:

Haya, Fundi. Jibu hilo bila Marekani.

Fundi_Sponji:

Bila Marekani, sina jibu la mwaka mzima. Nina la Jumamosi. Kuna sherehe ya siku ya kuzaliwa South C, watoto kama ishirini na tano, mama wa mtoto anataka twiga na analipa siku hiyo hiyo, nusu ya awali imeshaingia kwa M-Pesa. Tugawane nusu kwa nusu, nauli juu yangu.

Mkono_Mwepesi:

Nani anabeba shingo ya twiga kwenye matatu?

Fundi_Sponji:

Wewe. Mimi nina mgongo.

Mkono_Mwepesi:

Basi sitini kwa arobaini, sitini zangu.

Kibandaski_58:

Hamsini na tano, na mtumie picha ya twiga akiwa 58 hapa kwenye uzi.